Kupima kalsiamu ya mishipa ya moyo kwa CT: mionzi ipungue, hesabu isiharibike

Anayelala kwenye kitanda cha CT kupimwa kalsiamu ya mishipa ya moyo kwa kawaida haumwi chochote. Ana presha, au lehemu imepanda, au baba yake alifariki kwa mshtuko wa moyo, na daktari anataka kujua kama aanze dawa. Kwa mtu kama huyu, mionzi ya ziada haina faida hata chembe. Lakini uchambuzi uliochapishwa Marekani mwaka 2009 ulionyesha kuwa kipimo hikihiki, kikifanywa kwa taratibu tofauti, kiliweza kumpa mtu milisivati (mSv) 0.8 au hata 10.5. Mionzi ya asili humfikia binadamu kwa wastani wa mSv 2.4 kwa mwaka. Lengo la leo ni mSv 1 hivi, na mteknolojia wa mionzi aliye makini hulifikia kwa mashine ya kawaida.

Hatua ya 1: Uliza kama kipimo kinahitajika

Aliyekwisha kuwekewa stenti au kufanyiwa upasuaji wa mishipa ya moyo hahitaji kuhesabiwa kalsiamu. Ugonjwa wake unajulikana. Anayemeza statini asirudishwe kupimwa ili kuona kama dawa inafanya kazi, maana statini zinaweza kuongeza kalsiamu huku zikimlinda. Tafuta pia CT ya kifua ya zamani: kalsiamu nyingi huonekana humo, hata kama picha hazikupigwa kwa ajili ya moyo. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa aulizwe kuhusu ujauzito. Ukiona ombi halina sababu, mpigie daktari aliyeliandika. Hakuna mpangilio wa mashine unaookoa mionzi mingi kuliko simu hiyo.

Hatua ya 2: Mlaze vizuri, mfundishe kupumua

Mikono iwe juu ya kichwa, na kifua kiwe katikati kabisa ya tundu la mashine, kwa kimo na kwa upana. Akikaa juu au chini mno, mashine hukosea ukubwa wa mwili wake na kupanga mionzi isiyomfaa. Bandika elektrodi za ECG, uhakikishe mawimbi yanasomeka. Kisha mfanyishe mazoezi kabla ya kuondoka chumbani: "Mama, vuta pumzi... ibane... haya, pumua." Asiyeelewa atapumua katikati ya picha, na kurudia ni kumpa dozi mara mbili.

Hatua ya 3: Kata urefu

Piga picha moja ya kupangia, kwa mionzi ya chini, na mashine ikiruhusu itokee upande wa mgongo ili matiti yapate kidogo. Anzia chini kidogo ya mahali bomba la hewa linapogawanyika, umalizie chini ya ncha ya moyo. Kwa watu wengi ni sentimita 12 hadi 15.

Hapa ndipo mionzi mingi hupotea bure. Tuseme skrini inaonyesha CTDIvol, yaani kipimo cha ukali wa mionzi katika eneo linalopigwa, ya mGy 5. Kwa sentimita 12, DLP, yaani CTDIvol mara urefu, ni 60; kwa sentimita 18 ni 90. Ni nusu nzima ya ziada, na sehemu iliyoongezwa ni mapafu na ini ambavyo hakuna aliyeomba kuviona.

Hatua ya 4: Piga kwa mapigo

Chagua njia ambayo ECG huwasha mionzi katika kipindi kimoja tu cha pigo, moyo unapotulia. Kwa moyo wa taratibu ni karibu asilimia 70 hadi 75 ya nafasi kati ya pigo na pigo. Usitumie njia ya mzunguko mfululizo inayomulika pigo zima. Dawa ya mshipani haihitajiki: kalsiamu hung'aa yenyewe.

Hatua ya 5: Gusa kilovolti kwa tahadhari

Katika picha nyingine za CT, kushusha kilovolti ni njia nzuri ya kuokoa mionzi. Hapa ni mtego. Alama ya Agatston, iliyotangazwa mwaka 1990, huhesabu kila doa linalofika vipimo 130 vya Hounsfield, na imezoeleka kwa kilovolti 120. Ukishuka hadi 100 kalsiamu hung'aa zaidi, alama hupanda, na mtu anaweza kuingizwa kundi la hatari ambalo si lake. Baki na 120, vipande vya milimita 3, kisha punguza miliampea kulingana na mwili. Kwa mtu mnene usipunguze mno, kwani chengachenga za picha nazo huvuka 130 na kuhesabiwa kama kalsiamu. Programu zinazosafisha chenga kwa kurudiarudia hesabu zinaweza kufuta madoa madogo, kwa hiyo alama isomwe kwenye picha zilizotengenezwa kwa njia ya kawaida. Mashine zenye kichujio cha bati zinaweza kushusha dozi chini ya nusu milisivati. Zitumie kwa utaratibu uliothibitishwa kwa mashine hiyo.

Hatua ya 6: Andika DLP

Iandike kwenye ripoti ya kila mgonjwa. Ukizidisha 60 kwa 0.014, kigezo cha kifua kilichozoeleka, unapata mSv 0.84; kwa 0.026, kigezo kipya cha moyo, unapata 1.56. Taja kigezo ulichotumia, la sivyo hospitali mbili zitalinganisha namba zisizolingana. Kila baada ya miezi michache zipange DLP zote kuanzia kubwa, uzifungue picha za kwanza kwenye orodha na kupima urefu wake.