Kabeji Nyekundu Itupimie Sabuni

Wengi wenu mnatengeneza sabuni ya kipande na kuuza sokoni. Kostiki soda ikizidi mafuta, sabuni inaonekana nzuri tu, lakini inachoma ngozi, na mtoto mchanga ndiye huumia zaidi. Mama aliyeinunua hatarudi, na jirani zake hawatakuja. Kuna wanaoionja kwa ulimi kujua kama ni kali. Hiyo tuiache kabisa.

Kabeji nyekundu, ile ya rangi ya zambarau, ina rangi iitwayo anthosianini, ambayo hubadilika ikikutana na asidi au alkali. Si uchawi: Robert Boyle wa Uingereza aliandika juu ya rangi za maua kubadilika hivyo mwaka wa 1664.

Katakata robo ya kabeji, chemsha dakika 10 kwa vikombe viwili vya maji ya mvua (ya kisima yaweza kuwa na chumvi ya kutupotosha). Chuja, yapoe. Tumieni siku hiyo au kesho yake, maana yanaoza.

Kwanza zoezeni macho. Chukueni visahani vyeupe viwili, mtie maji ya kabeji kidogo kila kimoja. Kwa kimoja kamulia ndimu: yatakuwa mekundu. Kwa kingine tia magadi yaliyoyeyushwa: yatakuwa kijani au samawati. Sasa kwangua sabuni nusu kijiko, koroga katika nusu glasi ya maji ya mvua, chota kidogo, dondosha maji ya kabeji. Rangi ikifanana na ya magadi, sawa, kwa sababu sabuni yoyote ni alkali. Ikigeuka manjano, kuna soda iliyobaki. Lakini ngojeni dakika chache, kwa maana hupitia kijani kwanza. Na msipime kipande kimoja tu: soda ikikorogwa vibaya hujificha upande mmoja wa sanduku.

Vipi bizari ya manjano? Hiyo hugeuka nyekundu kwa sabuni yoyote, kama lile doa la mchuzi mnapofua kitambaa. Haitenganishi nzuri na mbaya.

Sabuni iliyoleta manjano ikauke wiki nne, ipimwe tena. Ikiwa bado, isiuzwe hata kwa bei ya kutupa. Katibu aandike tarehe, kiasi cha soda na rangi iliyoonekana, ndio kikundi kijue ni mpishi yupi anazidisha.