Kutoa Ramani Kubwa za Mwinuko kwa Michezo ya Treni: Gongoni kama Kielelezo cha Hitilafu na Istilahi

Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi, neno mandhari limezoeleka kwa maana ya mahali na wakati ambamo matukio ya kazi ya kubuni hutendeka. Watumiaji wa programu za kuigiza uendeshaji wa treni nao wana mandhari yao, ila yao hupimwa kwa mita. Kabla reli haijatandikwa katika mchezo, sharti ardhi iwepo: vilima, mabonde, mito na fuo. Ardhi hiyo hupatikana katika ramani za mwinuko, yaani majedwali makubwa ya tarakimu ambamo kila tarakimu hutaja kimo cha nukta moja ya nchi kutoka usawa wa bahari. Makala hii inajadili hitilafu zinazojitokeza wakati ramani hizo, zikiwa kubwa, zinapotolewa katika programu ya ramani na kuingizwa katika mchezo. Inajadili pia maneno ya Kiswahili yanayofaa kuzielezea hitilafu hizo, kwa kuwa kosa lisilokuwa na jina halitafutiki kwa urahisi.

Kielelezo ni Gongoni, mji wa chumvi ulio kaskazini ya Malindi katika Kaunti ya Kilifi. Reli haijapata kufika huko. Reli iliyoanza kutandikwa Mombasa mwaka 1896 ilielekea bara kupitia Mazeras na Mariakani, ikafika Nairobi mwaka 1899 na ukingo wa Ziwa Viktoria mwaka 1901. Reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 nayo inapita Mariakani. Hivyo Kilifi ina treni katika upande wake wa kusini tu. Hata hivyo, watengenezaji wa michezo hii hutofautisha njia halisi na njia ya kubuni, tofauti ambayo mwanafunzi wa fasihi hahitaji kufundishwa. Ichukuliwe basi njia ya kubuni inayochepuka Mariakani, ikateremka hadi Kilifi, ikafuata pwani hadi Malindi, ikavuka Mto Sabaki na kuishia kwenye mabwawa ya chumvi ya Gongoni. Karibu kila hitilafu inayofahamika katika kazi hii itaikuta njia hiyo mahali fulani.

Ukubwa wa faili

Malalamiko yanayosikika zaidi ni kwamba programu huganda au hujifunga katikati ya kazi. Mara nyingi lawama hutupiwa kompyuta. Hesabu fupi huonyesha chanzo chenyewe. Katika mchezo wa Microsoft Train Simulator wa mwaka 2001, na katika Open Rails iliyourithi, ardhi imegawanywa katika vipande vya mraba vyenye upande wa mita 2,048. Kila kipande kina nukta 256 kwa 256, nukta moja kwa kila mita 8. Kila kimo kikihifadhiwa kwa baiti 2, kipande kimoja huchukua baiti 131,072.

Mtu anayetaka njia ya Mombasa hadi Nairobi huelekea kuchora mstatili mmoja unaoikumba miji yote miwili. Mstatili huo una upana na urefu wa zaidi ya kilomita 300 kila upande, na ndani yake mna vipande kama 23,000. Jumla yake inakaribia baiti bilioni 3. Programu za zamani za biti 32 katika Windows kwa kawaida hupewa nafasi ya gigabaiti 2 tu za kumbukumbu, hata kama kompyuta yenyewe ina kumbukumbu mara nane ya hiyo. Kwa hiyo kuongeza kumbukumbu hakusaidii kitu. Kinachosaidia ni kuacha mstatili na kukata ukanda unaoifuata reli. Reli ya zamani ya Mombasa na Nairobi ina urefu wa kilomita 530 hivi. Ukanda wa vipande vinne kwa upana utakuwa na vipande elfu moja na ushei, na faili lake litakuwa la megabaiti mia moja na kitu. Abiria wa treni haoni nchi iliyo kilomita 150 kutoka dirishani mwake.

Hapa inafaa kutua kwenye istilahi. Wengi husema kusafirisha ramani, neno lililochukuliwa katika biashara ya bidhaa za nje. Neno hilo lina kasoro: kinachosafirishwa huondoka kilipokuwa, ilhali ramani hubaki katika programu na nakala yake ndiyo inayotoka. Kutoa ni neno jepesi na sahihi zaidi, na linaafikiana vyema na kinyume chake, kuingiza. Vipande navyo vinastahili kuitwa vigae. Kigae ni kipande cha chungu kilichovunjika na pia ni kile kinachoezekwa juu ya paa, na maana zote mbili zinahusika: nchi imevunjwa vipande, na vipande hivyo hupangwa upya ubavu kwa ubavu.

Vigae na mishono

Data inayotumiwa zaidi kwa Afrika Mashariki ilikusanywa kwa rada na chombo cha angani Endeavour mnamo Februari 2000. Nayo imekatwa vigae, kila kimoja chenye ukubwa wa nyuzi moja kwa moja, na hutajwa kwa kona yake ya kusini-magharibi. Kanuni hii ndogo huwapoteza watu wengi Gongoni. Mji huo uko takriban nyuzi 3 na dakika 2 kusini ya Ikweta, na mtu hudhani kwamba kigae chake ni S03E040. Sivyo. Kona ya kusini-magharibi ya eneo lake iko nyuzi 4 kusini, kwa hiyo kigae ni S04E040. Ngomeni, iliyo kilomita chache tu kaskazini-mashariki, iko kama dakika 59 baada ya nyuzi 2, nayo ndiyo iliyomo katika S03E040. Aliyepakua kigae kimoja tu atapata ama bandari isiyo na kituo cha treni ama kituo kisicho na bandari.

Mpaka wa vigae unapita basi kati ya Gongoni na Ngomeni. Mpaka mwingine, ule wa nyuzi 4, unapita kati ya Mombasa na Mazeras. Kila kigae cha daraja ya sekunde moja kina mistari 3,601 na wala si 3,600, kwa sababu mstari wa ukingoni hurudiwa katika kigae jirani. Anayeviunganisha bila kuondoa mstari uliorudiwa husukuma nchi yote iliyobaki kwa mita kama 30, na reli iliyochorwa kwa kufuata picha za setilaiti huonekana imetoka kwenye tuta lake. Jina mshono linafaa kwa mahali hapa: nguo mbili zikishonwa bila kukunja pindo, urefu hubadilika.

Kabla ya mwaka 2014, data ya Afrika ilitolewa kwa umma kwa nafasi ya sekunde 3, yaani nukta moja kwa mita 90 hivi. Sasa ile ya sekunde moja inapatikana. Hata hivyo mchezo unahitaji nukta kwa kila mita 8, na nukta za katikati hukadiriwa tu. Kuongeza idadi ya nukta huongeza uzito wa faili bila kuongeza ujuzi wowote kuhusu nchi.

Mpangilio wa baiti

Hitilafu hii ndiyo ya kuchekesha kuliko zote, na pwani ndiko inakotambulika upesi. Vimo katika faili za Endeavour huandikwa kwa baiti mbili, ile yenye thamani kubwa ikitangulia. Kompyuta nyingi za kawaida husoma kwa mpangilio wa kinyume. Programu isiyoambiwa hivyo itageuza mita 1 kuwa mita 256. Bwawa la chumvi lililo mita 3 juu ya bahari litainuka hadi mita 768. Wakati huohuo, mahali penye kimo cha mita 160, kama ilivyo karibu na Mazeras, patasomwa kuwa mita 24,576 chini ya bahari. Kila kimo kati ya mita 128 na 255 huzama, na kila kilicho chini ya hapo hupanda. Anayeona Gongoni imekuwa mlima na Mazeras imekuwa shimo asitafute kosa kwingine.

Maji, mikoko na matobo

Ugumu wa kweli wa Gongoni uko katika ardhi yenyewe. Mji umezungukwa na nchi tambarare, mabwawa ya kukaushia maji ya bahari na, kuelekea Ngomeni, vijito vyenye mikoko. Vipimo vya Endeavour vililengwa visikosee zaidi ya mita 16. Kwa milima ya bara kiwango hicho kinatosha sana. Gongoni, ambako sehemu kubwa ya ardhi haifiki kimo hicho, kosa linaloruhusiwa lina ukubwa kuliko nchi inayopimwa.

Maji yaliyotulia hurusha mwali wa rada upande mwingine badala ya kuurudisha, hivyo palipo na bwawa hubaki tobo. Tobo huandikwa kwa tarakimu -32,768, na lisipozibwa kabla ya ramani kutolewa, mchezo hulichukulia kuwa shimo la kilomita 32. Mikoko nayo hufanya kinyume. Rada hiyo haikufika chini ya majani mazito, ikarudi kutoka kwenye vilele, na matokeo yake msitu huonekana kama kilima. Dawa ya tobo ni kuliziba kwa wastani wa vimo vinavyolizunguka, lakini palipo na mikoko kandokando wastani huo hulijaza bwawa hadi kimo cha miti. Ni afadhali mtengenezaji achore mipaka ya mabwawa mwenyewe, ayape kimo kimoja, ndipo azibe matobo yaliyosalia.

Wapo wanaochukua mkato wa kufuta kila kimo kilicho chini ya mita 2 na kukiita bahari. Kwa mkato huo mabwawa na sehemu za vijiji vya karibu hufutika. Jambo hilo si dogo katika Magarini, ambako ardhi ya chumvi imekuwa na mgogoro mrefu kati ya wenyeji na makampuni, hata Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ikafanya uchunguzi wa hadharani na kutoa ripoti yake mwaka 2006. Ni kweli kwamba mchezo wa treni si hati ya ardhi. Lakini ramani zilizotolewa hunakiliwa na kutumiwa tena na watu wasiojua zilivyotengenezwa.

Kanda na asili ya vipimo

Anayechora reli kwa kufuata ramani rasmi za zamani za Kenya, zile za kipimo cha 1:50,000, atakuta kila kitu kimehama kwa takriban mita 300 kutoka kaskazini kwenda kusini au kinyume chake. Ramani hizo zilipimwa kwa msingi wa Arc 1960, ilhali data ya angani hutumia WGS84. Pwani, mita 300 zinatosha kuiingiza reli baharini. Vilevile vimo vilivyochukuliwa kwa kifaa cha GPS bila kusahihishwa huonyesha ufuo wa pwani hii ukiwa mita 20 hadi 30 chini ya bahari, kwa sababu umbo la kihesabu la dunia linalotumiwa na kifaa hicho halilingani na usawa halisi wa bahari. Visichanganywe na vile vya Endeavour.

Pwani yote ya Kenya imo katika ukanda wa 37 Kusini. Akichagua 37 Kaskazini, mtumiaji huihamisha njia yake kilomita 10,000. Wanaoendelea hadi bara wakumbuke kwamba ukanda wa 37 unaishia nyuzi 36 mashariki, baina ya Nakuru na Njoro, na kwamba tawi la Eldoret huvuka Ikweta.

Majina

Ardhi ikishatulia hufuata majina ya vituo, na hapo Kiswahili chenyewe huingia katika hitilafu. Programu nyingi hutafuta mahali kwa jina. Gongoni ipo Kilifi, na Gongoni nyingine ipo Kwale, penye msitu wa hifadhi wenye jina hilo. Kiambishi -ni cha mahali kimezaa majina mengi yanayofanana pwani nzima, kwa hiyo njia hukatwa ghafla na kurukia kusini ya Mombasa. Suluhisho ni kutafuta kwa majiranukta na kuliandika jina baadaye.

Kisha kuna ritifaa. Jina kama Ng'ombeni la Kwale huwekwa katika faili kati ya alama za kunukuu, na ritifaa ya ng' husomwa kuwa mwisho wa jina. Kituo hubaki na jina la herufi mbili, Ng, au faili zima hukataliwa. Wengi huiondoa ritifaa ili kazi iendelee, na Ngombeni isiyotamkika kama wenyeji wanavyotamka huenea. Ngomeni, iliyotokana na ngome, haihitaji ritifaa, na kuna wanaoiongezea kwa kudhani wanasahihisha. Njia bora ni kuitanguliza ritifaa kwa mkwaju wa nyuma pale programu inapouruhusu, au kutumia ritifaa iliyopinda, ambayo kompyuta huihesabu kuwa herufi tofauti na alama ya kunukuu.

Ngomeni hiyohiyo ndiyo iliyotumiwa na Italia kurushia setilaiti kutoka majukwaa yaliyo baharini. Mojawapo, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970, ilipewa jina la Uhuru, na jina hilo halina herufi hata moja inayoweza kuvunja faili.