Mcheza Tenisi na Mgongo Wake

Mwaka 1970, katika mji wa Las Vegas, nchi ya Marekani, alizaliwa mtoto jina lake Andre Agassi. Baba yake alimfundisha tenisi tangu utotoni, akawa stadi kabisa. Lakini alizaliwa na kasoro mgongoni: pingili moja ya chini haikukaa sawasawa juu ya ile iliyo chini yake. Naye mcheza tenisi, kila apigapo mpira, hana budi kuupinda mgongo na kuuzungusha.

Alipopata umri wa miaka kama 20 alimwendea Gil Reyes, aliyekuwa akiwafunza wachezaji wa chuo kikuu cha mji ule kujenga nguvu. Reyes hakuwa mcheza tenisi. Kazi yake ilikuwa kuinua vyuma vizito na kupanda vilima mbio. Hata mashine nyingine za mazoezi aliziunda mwenyewe. Misuli ya tumbo na ya mgongo ikiwa na nguvu, huushika uti kama kamba zishikavyo mlingoti wa jahazi.

Wengi hudhani kwamba kucheza sana kwatosha kuujenga mwili. Sivyo. Mchezaji aanzishapo mpira, misuli ya kifua na ya mbele ya bega huurusha mkono kwa kasi kubwa, na misuli midogo iliyo nyuma ya bega ndiyo iuzuiayo. Mchezo huizidishia nguvu ile ya mbele. Hii midogo husahauliwa, hata siku moja ikashindwa, bega likauma. Basi mchezaji hufunga ukanda wa mpira nguzoni, akabana kiwiko ubavuni, akauvuta polepole kuelekea nje, kisha akauregeza polepole vile vile. Asiuachie ghafula! Kule kuregeza ndiko kunakoifunza misuli kazi ya kuzuia.

Kunyosha viungo nako kuna wakati wake. Kabla ya mchezo hukimbia kidogo na kuzungusha mikono mpaka mwili upate moto. Mchezo ukiisha, hunyosha mapaja, mashavu ya miguu na mabega, akatulia hivyo nusu dakika.

Agassi alishinda Wimbledon mwaka 1992, na mwaka 2003, akiwa na miaka 33, alikuwa wa kwanza duniani. Mgongo haukupona. Mwaka 2006, mjini New York, alicheza mashindano yake ya mwisho akiwa na miaka 36, akidungwa sindano za dawa mgongoni kati ya mchezo mmoja na mwingine.