Kikaragosi kinamezwa na ukuta

Swali: Naunda vikaragosi vya plastisini na kuvipiga picha moja moja ili viwe filamu. Tatizo, nyuso zao zinapotelea kwenye ukuta wa nyuma. Nijifunze nini kwanza: kuunda, mandhari au rangi?

Jibu: Kuunda hakuepukiki. Sokota nyaya za alumini ziwe mifupa, vika plastisini, na ukaze miguu kwa skrubu kutoka chini ya jukwaa. Sekunde moja ya filamu ina picha 24 (wengi hupiga 12 na kuonyesha kila moja mara mbili), kwa hiyo mguu unaoyumba utakutesa.

Lakini shida yako ni rangi, hasa kiasi cha weupe na weusi wake. Piga picha ya jukwaa kwa simu, kisha uigeuze ya kijivu. Uso na ukuta vikilingana, hata ukipaka ukuta kijani badala ya nyekundu hutaona tofauti kubwa. Fifisha ukuta; rangi iliyokolea mwachie mhusika. Katika filamu ya vikaragosi Coraline ya Henry Selick (2009), nyumba ya kawaida imepauka kijivujivu huku koti la mvua la msichana, mhusika mkuu, likiwa la manjano. Ng'ambo ya mlango mdogo anaoupitia rangi zinawaka, nasi tunashawishika pamoja naye. Hiyo, kwangu, ndiyo kazi hasa ya rangi.

Zima pia urekebishaji wa kiotomatiki wa mwanga na rangi kwenye kamera, funga mapazia, na uvae nguo nyeusi: shati jeupe hurudisha mwanga jukwaani.