KUKIMBIA NA KUTOROKA

Bismillahi Rrahmani Rrahim.



Somo la leo limetokana na ugomvi. Ijumaa iliyopita, tulipotoka kusali, wazee wetu wawili walirushiana maneno mlangoni. Mmoja akamwambia mwenzake: "Nyamaza wewe, wakati wa vita ulikimbia." Mwenzake akanyamaza kweli, akaondoka bila kuaga mtu. Neno lile limenikosesha usingizi. Hapa Shabunda ni nani hajakimbia?

Musa (a.s.) alitoka Misri na hofu ya kuuawa, akafika Madyan. Aliporudi alimwambia Firauni wazi kwamba aliwakimbia kwa kuwaogopa, hakuona haya. Lakini Yunus (a.s.) alipowaacha watu wake kabla ya kupewa ruhusa, Qurani katika Sura As-Saaffat imelitumia neno la mtumwa anayemtoroka bwana wake. Wote wawili waliondoka, na maneno ni mawili.

Mtume wetu (s.a.w.) naye mwaka 622 alitoka Makka akajificha siku tatu katika pango la Thaur pamoja na Abubakar. Makuraishi walimwona ni mtu aliyewaponyoka. Sisi tunaita Hijra, na miaka yetu tunaihesabu kutoka hapo. Tena angalieni jambo hili: alimwacha Ali nyuma awarudishie watu amana zao, na wenye amana ni wale wale waliotaka kumwua!

Sasa turudi kwetu. Mwishoni mwa 1996 tuliwaona wakimbizi wa Rwanda wakipita hapa kuelekea Tingi-Tingi, tukawahurumia, hatukujua zamu yetu iko karibu. Vita vya 1998 vilipoanza, askari wa RCD wakashika mji, Mai-Mai wakashika pori. Mama aliyetoka kuchuma sombe alikuwa kati ya bunduki na bunduki, na wanawake wetu waliumizwa kuliko sisi. Aliyebaki mjini aliitwa mtu wa RCD, aliyeingia porini akaitwa Mai-Mai. Wengine walifika Bukavu au Kindu. Mzee wangu uliyesema lile neno, ulitaka mwenzako akae wapi?

Katika Sura An-Nisaa malaika wanawauliza waliobaki chini ya dhuluma kwa nini hawakuhama, na ardhi ya Mungu ni pana. Kisha wanatolewa wanyonge, wanaume, wanawake na watoto wasio na njia. Kwa hiyo hata kubaki kuna maswali yake.

Anayetoroka ni mwingine. Ni yule aliyechukua pesa za watu anunue dhahabu, akapotea, leo anasema vita vilimkimbiza. Ni yule aliyekwenda kwenye machimbo ya Lulingu kutafutia watoto chakula, akaoa huko, wa hapa hawajui kama yu hai. Huyo asijiite mkimbizi.

Mimi mwenyewe mwaka 1999 niliingia porini, nikamwacha mama yangu kwa sababu miguu yake haikuweza njia. Aliniambia: "Nenda." Nilikwenda. Nikijipima kwa Musa napata nafuu, nikijipima kwa Yunus naogopa.

Mzee uliyeondoka bila kuaga, leo baada ya Alasiri nitakuja kwako. Na yule aliyekuambia neno lile amekubali tuje pamoja.