Mpelelezi Binafsi: Leseni Yake Inaishia Wapi?

Umegongwa na gari Kipling Avenue, Rexdale, ukadai bima kwa maumivu ya mgongo. Wiki chache baadaye unabeba mfuko wa unga kutoka dukani. Ng'ambo ya barabara kuna gari limezimwa, ndani yake mtu na kamera. Si polisi. Huenda ni mpelelezi aliyekodiwa na kampuni ya bima, na kazi hiyo ni halali hapa Ontario, Kanada. Ina masharti yake, nayo hubadilika nchi kwa nchi.

Ontario

Sheria ya mwaka 2005, iliyoanza kutumika Agosti 2007, inamtaka mpelelezi awe na miaka 18 au zaidi, haki ya kisheria ya kufanya kazi Kanada, mafunzo ya saa 50, na afaulu mtihani wa serikali. Akiwa kazini lazima abebe leseni, na ukiiomba aioneshe. Kufanya kazi bila leseni ni kosa: faini hufika dola 25,000, au kifungo cha mwaka mmoja.

Anaweza kukupiga picha ukiwa barabarani. Hawezi kujifanya polisi, kuingia kwako bila ruhusa, wala kunasa mazungumzo ya simu asiyoshiriki. Maswali yake si lazima uyajibu.

Kwingineko

Uingereza ilitunga sheria ya leseni mwaka 2001, lakini sehemu inayowahusu wapelelezi haijaanza kutumika. Marekani kila jimbo lina utaratibu wake: New York hudai leseni, Idaho haina ya jimbo. Kenya iliwaweka wapelelezi chini ya sheria ya ulinzi binafsi ya mwaka 2016. Tanzania ina sheria ya mwaka 2022 inayolinda taarifa za mtu, na mpelelezi hayuko juu yake.

Ukitaka kuchunguza jambo nyumbani, Kenya au Tanzania

Leseni ya Ontario haivuki hata kwenda Quebec, sembuse Mombasa. Anayekuahidi kwenye WhatsApp rekodi za simu za mchumba wako anakuuzia kosa la jinai, nawe mnunuzi hutabaki salama. Kama ni kiwanja, mara nyingi mpelelezi hahitajiki: wakili wa huko anaweza kupekua hati kwenye ofisi ya ardhi.

Kabla ya kulipa, dai namba ya leseni, mkataba wa maandishi na risiti. Mwenye kipato kidogo aulizie kliniki ya sheria ya jamii ya Rexdale kama suala lake wanalishughulikia. Ushauri wao ni bure.

Na ule mfuko wa unga? Usijifiche. Picha inaonesha dakika mbili za kubeba, haioneshi usiku uliolala kwa dawa. Andika kwenye daftari, siku hiyo hiyo, ulibeba nini na uliumwa vipi baadaye, kisha wape daktari na wakili wako.