Somo la Robo Hii: Dhoruba Inayofia Baharini



Katika toleo hili tunajifunza jinsi dhoruba ndogo inavyozaliwa, inavyokua na inavyokufa kabla ya kufika nchi kavu. Tumechagua somo hili kwa sababu huko pwani bado husikika maneno haya: "Tuliambiwa kimbunga kinakuja, mbona hakikuja? Walitutisha bure." Maneno hayo ni ya hatari. Mvuvi anayeamini kuwa alidanganywa mara ya kwanza, mara ya pili atatweka tanga na kwenda zake.

Mfano wetu ni Jobo, dhoruba ya Aprili 2021 iliyotazamiwa kufika pwani ya Tanzania.

1. Kuzaliwa

Dhoruba ya namna hii huanza kama kundi la mawingu ya mvua juu ya bahari yenye joto. Maji huhitaji kufikia nyuzi 26 au 27 za Sentigredi, tena joto hilo lishuke chini kiasi cha mita 50. Hewa yenye unyevu hupanda juu. Mvuke unapogeuka kuwa matone ya mvua, huachia joto, na joto hilo huzidi kuipandisha hewa. Chini hubaki mgandamizo mdogo wa hewa, na hewa ya pembeni hukimbilia kujaza nafasi hiyo.

Kwa kuwa dunia inazunguka, hewa hiyo haiendi moja kwa moja bali hupinda. Kusini mwa ikweta huzunguka kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa. Karibu na ikweta nguvu hiyo ya kupinda ni hafifu mno. Hii ndiyo sababu mojawapo ya Tanzania kupigwa mara chache kuliko Madagaska na Msumbiji.

2. Kukua na kupewa jina

Vimbunga vya upande wetu wa Bahari ya Hindi hufuatiliwa na kituo cha hali ya hewa kilichoko kisiwa cha Réunion. Upepo ukifikia kilomita 63 kwa saa, dhoruba hupewa jina. Ukifikia kilomita 118 kwa saa, huitwa kimbunga kamili. Jobo ilipata jina tarehe 21 Aprili 2021, ikiwa kaskazini mwa Madagaska, kisha ikaelekea magharibi, upande wetu.

3. Kudhoofika

Dhoruba hufa kwa sababu kuu tatu: kuingiliwa na hewa kavu, kupigwa na upepo wa juu unaopishana na ule wa chini, au kukosa maji ya joto, hasa inapopanda nchi kavu. Tufikirie chungu jikoni. Ukikisukuma kando ya mafiga, moto utaendelea kuwaka lakini chungu hakitachemka. Ndivyo upepo wa juu unavyoyasukuma mawingu mbali na kitovu cha dhoruba.

Aidha, dhoruba yenye umbo dogo hubadilika upesi. Huweza kupata nguvu kwa muda mfupi na kuipoteza vivyo hivyo. Jobo ilipoikaribia pwani, tarehe 24 na 25 Aprili, ilikuwa imekwisha nguvu.

4. Je, tahadhari ilikuwa ya uongo?

Hapana. Siku tahadhari ilipotolewa dhoruba ilikuwa hai na njia yake ilielekea kwetu. Utabiri wa siku nne mbele hauwezi kuwa na uhakika kama ule wa kesho. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) iliyotangaza ujio wake ndiyo pia iliyotangaza kudhoofika kwake. Taarifa ya kwanza isichukuliwe kuwa ndiyo ya mwisho. Tusikilize mpaka TMA waseme hatari imepita.

Tukumbuke pia kwamba si zote zinazofia mbali. Kimbunga kiliipiga Unguja tarehe 15 Aprili 1872 kikaangusha mikarafuu na minazi, na kingine kiliipiga Lindi Aprili 1952. Tarehe 4 Mei 2024 Hidaya ilifika Mafia ikiwa inapungua nguvu. Hata hivyo mvua zake zilikata barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara katika wilaya ya Kilwa. Upepo kupungua si mvua kwisha.

5. Wajibu wa kamati na wahisani

- Kamati imteue mtu mmoja wa kufuatilia taarifa za TMA kila siku wakati wa hatari, na mwingine wa kumsaidia.
- Waumini wafundishwe ngazi za taarifa: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa.
- Ijulikane mapema nani atawafikia wazee, wagonjwa na wanaokaa mabondeni, na jengo lipi watapelekwa.
- Wavuvi wakubaliane mahali pa kuvuta mitumbwi na ngalawa.
- Dhoruba ikifia baharini, kamati iwakusanye watu na kuwaeleza kwa nini haikufika. Kazi hii husahaulika mno, nayo ndiyo inayolinda imani ya watu kwa tahadhari ijayo.

Kwa wahisani wetu tunasema hivi: redio, kipaza sauti na nauli za kuwahamisha wazee ambazo "hazikuleta kitu" kwa sababu dhoruba ilikufa, hazikupotea. Kijiji kimefanya mazoezi, na siku ya hatari ya kweli kitajua pa kwenda.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni nani katika parokia yetu hupokea taarifa ya hali ya hewa kwanza, na humfikia mvuvi wa mwisho baada ya saa ngapi?
2. Mara ya mwisho tahadhari ilipotolewa na dhoruba isifike, tuliwaambia nini watu wetu?
3. Mvua kubwa ikinyesha bila upepo, ni nyumba zipi zitakazofikiwa na maji kwanza?